Kiraka kwenye kumbukumbu: jinsi kompyuta inavyobadili anwani ya mtu bila kugusa jina lake

Mtu akihama nyumba mjini Birmingham, Uingereza, tuseme kutoka Sparkbrook kwenda Erdington, kinachobadilika katika kumbukumbu zake ni kitu kimoja tu: anwani. Jina lake ni lile lile, tarehe ya kuzaliwa ni ile ile, na namba yake ya matibabu haibadiliki. Hata hivyo, kubadili jambo hilo moja bila ya kuyagusa mengine ni kazi iliyowashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa miaka mingi. Ikifanywa vibaya, anayeumia ni mwenye kumbukumbu.

Birmingham ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.1, na zaidi ya mmoja kati ya kila wanne alizaliwa nje ya nchi hiyo. Miongoni mwao wamo Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, Wasomali, Wakongomani, Wakenya na Watanzania. Wahamiaji huhama nyumba, hupata pasipoti mpya, huoa na kuolewa, na wengi wana majina ambayo fomu za Kiingereza hazikuyatarajia. Kwa hiyo kumbukumbu zao huguswa mara kwa mara, na kila zinapoguswa pana nafasi ya kuharibika.

Makala hii inaeleza kinachotokea ndani ya kompyuta pale karani anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kwa nini jambo hilo linamhusu kila mwenye jina.

Kuandika upya au kutia kiraka

Njia ya zamani ya kurekebisha kumbukumbu kwenye mtandao ilikuwa kuipeleka nzima. Programu ilichukua kumbukumbu yote ya mtu, ikabadili anwani, kisha ikairudisha yote na kuiweka juu ya ile ya mwanzo. Agizo la kufanya hivyo huitwa PUT.

Njia hiyo ni rahisi, lakini ina hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba chochote kilichosahaulika njiani hupotea. Kama programu ya karani haina nafasi ya kuandika namba ya pili ya simu, kumbukumbu itakayorudi huenda isiwe na namba hiyo, ingawa hakuna aliyeamua kuifuta.

Hatari ya pili hutokea pale watu wawili wanapofanya kazi kwa wakati mmoja. Karani wa kliniki anafungua kumbukumbu saa nne asubuhi ili abadili anwani. Dakika moja baadaye muuguzi wa hospitali anaifungua kumbukumbu ile ile ili abadili namba ya simu. Karani anahifadhi, kisha muuguzi anahifadhi nakala yake, ambayo bado ina anwani ya zamani. Anwani mpya imefutika, na wote wawili wanaamini kwamba kazi imekamilika.

Mwezi Machi mwaka 2010, IETF, jumuiya ya wataalamu inayoweka kanuni za intaneti, ilichapisha kanuni ya agizo jipya liitwalo PATCH, yaani kiraka. Fundi cherehani haishoni kanzu nzima upya kwa sababu ya tundu moja kwenye mkono. Hali kadhalika, agizo hilo hupeleka sehemu inayobadilika peke yake na kuacha nyingine zilivyo.

Lakini kanuni hiyo ilisema tu kwamba kiraka kinaruhusiwa. Haikueleza kiandikwe vipi. Hapo ndipo zilipofuata kanuni nyingine, na pamoja nazo kile wataalamu wanachokiita maktaba za programu.

Maktaba isiyo na vitabu

Maktaba katika lugha ya watengenezaji programu ni mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mtu mwingine anaweza kuyachukua na kuyatumia katika kazi yake. Fundi seremala hatengenezi misumari, huinunua. Vivyo hivyo, anayetengeneza mfumo wa hospitali au wa chuo kikuu haandiki upya maagizo ya kutia viraka. Huchukua maktaba inayofanya kazi hiyo.

Maktaba hizo ni nyingi. Kwa lugha ya Python ipo iitwayo jsonpatch. Kwa wanaotumia JavaScript ipo scim-patch, iliyotengenezwa mahsusi kwa kumbukumbu za utambulisho wa watumiaji. Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: hupewa kumbukumbu ya mtu pamoja na orodha ya mabadiliko, nayo hurudisha kumbukumbu iliyorekebishwa.

Jina scim-patch linatokana na SCIM, kanuni iliyochapishwa mwezi Septemba mwaka 2015. Lengo lake ni kuziwezesha kompyuta za taasisi mbalimbali kupashana habari za watumiaji. Mfanyakazi akiajiriwa, akihamishwa idara au akiacha kazi, mfumo mkuu wa mwajiri huiarifu mifumo mingine ya barua pepe, mishahara na kadhalika, ili kila mmoja urekebishe kumbukumbu yake. SCIM ina maagizo matatu ya kiraka: ongeza, ondoa na badilisha. Yakitumwa kwa pamoja, ama yote yatekelezwe au yote yakataliwe. Hairuhusiwi kumwacha mtu na nusu ya mabadiliko.

Kunyamaza si kufuta

Msikilizaji huenda akauliza: kuna ugumu gani katika maagizo matatu? Ugumu unaanzia kwenye ukimya.

Chukua fomu ya karatasi. Mtu akiacha wazi nafasi ya namba ya simu, amemaanisha nini? Pengine hana simu. Pengine anayo lakini hataki kuitaja, au ile ya zamani bado inafaa naye hakuona haja ya kuirudia. Karani mwenye busara atauliza. Kompyuta haiulizi, inafuata kanuni iliyopewa.

Kanuni moja, iliyochapishwa mwaka 2014 kwa jina la JSON Merge Patch, inajibu hivi: kisichotajwa kibaki kilivyo, na kilichotajwa kuwa ni tupu kifutwe. Ni kanuni nyepesi, na kwa kumbukumbu nyingi inatosha. Lakini inamtaka mtengenezaji programu atofautishe daima kati ya kunyamaza na kusema tupu. Programu inayojaza neno tupu kila mahali ambapo mtumiaji hakuandika kitu itafuta simu, barua pepe na jina la jamaa wa kuarifiwa, ilhali mtumiaji alitaka kubadili anwani tu.

Kanuni nyingine, JSON Patch ya mwezi Aprili mwaka 2013, inachukua njia tofauti. Haikubali kukisia. Kila badiliko huandikwa kama agizo kamili, likitaja tendo na mahali pake. Matendo ni sita: ongeza, ondoa, badilisha, hamisha, nakili, na la mwisho ambalo halibadili chochote: hakikisha. Tendo hilo huiambia kompyuta itazame kwanza kama kilichopo ndicho kinachotarajiwa. Kama sivyo, iache kazi yote.

Wa pili anapokuwa wa kwanza

Umuhimu wa kuhakikisha unaonekana zaidi kwenye orodha. Watu wengi wana zaidi ya namba moja ya simu na zaidi ya jina moja. Katika JSON Patch, vilivyomo kwenye orodha hutajwa kwa nafasi zake, na hesabu huanzia sifuri.

Tuseme mgonjwa ana namba tatu za simu, na ya kwanza haitumiki tena. Mfanyakazi mmoja anaagiza namba iliyo katika nafasi ya kwanza iondolewe. Inaondoka, na ile ya pili inapanda kuwa ya kwanza. Mwenzake, aliyeona kosa lile lile bila kujua kwamba limekwisha kurekebishwa, anatoa agizo lile lile. Safari hii inayofutwa ni namba sahihi, ile ambayo hospitali ingepiga kumwita mgonjwa.

Majina nayo yana taabu yake. Mtu wa Unguja au wa Mombasa mara nyingi huandika majina matatu: lake, la baba na la babu. Mifumo mingi ya Ulaya inataka jina la ukoo katika nafasi moja, na majina mengine yote kama orodha katika nafasi nyingine. Jina la babu likihesabiwa kuwa la ukoo katika ofisi moja, na katika ofisi nyingine likawekwa kwenye orodha, kiraka kinacholenga jina la pili hakitaangukia mahali pamoja.

Mfano wa huduma ya afya

Mfano mzuri wa kanuni hizi kazini ni Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, NHS. Kila mgonjwa aliyesajiliwa ana namba yenye tarakimu 10, na jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na simu yake vimo katika hazina kuu ya taarifa za wagonjwa iitwayo PDS. Kliniki ya daktari wa familia huko Small Heath na Hospitali ya Queen Elizabeth iliyoko kusini mwa mji zote hurejea kwenye hazina hiyo.

Njia ya kisasa ya programu kuwasiliana na hazina ya PDS hutumia JSON Patch, na imewekewa masharti yanayojibu hatari zilizotajwa hapo juu. Kabla ya kubadili chochote, programu lazima kwanza iisome kumbukumbu ya mgonjwa. Hapo hupewa namba ya toleo, inayoonyesha kumbukumbu imefikia badiliko la ngapi. Inapotuma kiraka, lazima iitaje namba hiyo.

Kama katikati mtu mwingine ameibadili kumbukumbu, namba ya toleo itakuwa imepanda, na ombi litakataliwa. Programu italazimika kusoma upya kabla ya kujaribu tena. Karani na muuguzi wa mfano wetu wasingeweza kufutiana kazi. Mmoja wao angeambiwa kwamba anachokitazama kimepitwa na wakati.

Aidha, jina na anwani katika kumbukumbu hiyo hubeba alama yake ya utambulisho. Anayetaka kuondoa anwani hatakiwi kusema tu ondoa ya kwanza. Hutakiwa kuhakikisha kwanza kwamba iliyo katika nafasi hiyo ndiyo yenye alama anayoikusudia. Gharama ya tahadhari hizo ni sekunde chache. Gharama ya kuzikosa inaweza kuwa barua ya kumwita mgonjwa kwa upasuaji, iliyopelekwa kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.

Hapana iliyosomeka kama ndiyo

Hata kanuni nzuri hutegemea wanaoifuata. Mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji, ambao zamani uliitwa Azure AD na tangu mwaka 2023 unaitwa Entra ID, unatumia SCIM kuwaarifu wengine. Katika maelezo yake kwa watengenezaji programu, Microsoft yenyewe iliorodhesha mambo ambayo mfumo huo haukuyatekeleza sawasawa na kanuni.

Mojawapo lilihusu agizo la kumsimamisha mtumiaji. Kanuni inataka thamani halisi ya kimantiki, yaani ndiyo au hapana. Mfumo huo ulipeleka neno False likiwa kama maandishi ya kawaida. Kwa binadamu tofauti hiyo ni ndogo mno. Lakini katika lugha nyingi za kompyuta, maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa ni ndiyo. Maktaba isiyojihadhari ingeweza kusoma agizo la kumfungia mlango mtu aliyeacha kazi, na kuuacha mlango wazi.

Ndiyo maana maktaba zilizokomaa hubeba tahadhari zilizotokana na makosa ya wengine. Microsoft baadaye ilitoa njia ya kuufanya mfumo wake uifuate kanuni, lakini maktaba inayopokea ujumbe kutoka kila upande haina budi kuelewa pia lahaja zisizo sanifu.

Nani ameruhusiwa kushona

Kiraka kina swali jingine ambalo maktaba peke yake haiwezi kulijibu: nani ana ruhusa ya kubadili nini? Mtu anaweza kuruhusiwa kubadili namba yake ya simu. Haifuati kwamba aruhusiwe kubadili cheo chake.

Dunia ya watengenezaji programu ilipata somo hilo mwezi Machi mwaka 2012. Mrusi aitwaye Egor Homakov aligundua kwamba tovuti ya GitHub, ambako mamilioni ya programu huhifadhiwa, ilikubali nyongeza ambazo fomu yake haikuziomba. Alipotuma fomu ya kurekebisha ufunguo wake wa kuingilia, aliongeza habari iliyoueleza ufunguo huo kuwa ni wa mtumiaji mwingine. Mfumo ulikubali, na akapata uwezo wa kuandika katika hifadhi ya mradi wa Rails, ule ule ambao GitHub ilijengwa juu yake. Hakuiba kitu. Alitaka onyo lake lisikilizwe.

Toleo la nne la Rails, lililotoka mwaka 2013, liliweka utaratibu wa kumlazimisha mtengenezaji ataje waziwazi ni nafasi zipi zinazoweza kubadilishwa kutoka nje. Kisichotajwa hakipokelewi. Utaratibu huo sasa ni wa kawaida katika mifumo mingi ya utambulisho.

Kiraka sahihi kwenye nguo ya mwingine

Kabla ya yote, lazima kumbukumbu inayorekebishwa iwe ya mhusika mwenyewe. Mwezi Machi mwaka 2024, gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti kwamba watu zaidi ya 76,000 walikuwa na habari zisizo sahihi katika hazina ya Wizara ya Mambo ya Ndani inayotumika kwa masuala ya uhamiaji, yakiwemo majina, picha na hadhi ya ukaazi. Katika baadhi ya kumbukumbu, habari za watu wawili zilikuwa zimeunganishwa kana kwamba ni za mtu mmoja. Palipo na kosa la namna hiyo, kiraka kilichoshonwa kwa ufundi wote kitaangukia nguo ya mtu mwingine.

Suala hilo lilipata uzito zaidi mwaka huo huo, Uingereza ilipokuwa ikiachana na kadi za ukaazi. Kadi nyingi ziliandikwa kwamba muda wake unamalizika tarehe 31 Desemba 2024, na mahali pake pakachukuliwa na viza ya kielektroniki. Mkaazi hana tena kadi ya kumwonyesha mwajiri au mwenye nyumba. Anachotoa ni msimbo unaomwezesha mwenzake kuitazama kumbukumbu mtandaoni. Akipata pasipoti mpya kutoka Nairobi, Dodoma au Kampala, anatakiwa aiingize namba yake kwenye akaunti yake ya uhamiaji, la sivyo anaweza kucheleweshwa uwanja wa ndege.

Afrika Mashariki nayo inalijua tatizo hili. Kaskazini mashariki mwa Kenya, raia wengi, hasa wa jamii ya Wasomali, walinyimwa vitambulisho vya taifa kwa sababu alama zao za vidole zilikutwa kwenye daftari la wakimbizi. Baadhi waliandikishwa humo wakiwa watoto, familia zao zilipotafuta chakula cha msaada wakati wa ukame. Mstari mmoja katika hazina moja ulitosha kuwazuia kupata kazi, kufungua akaunti ya benki na kupiga kura.

Haki ya mwenye jina

Sheria imekwisha kulitambua jambo hili. Uingereza, chini ya sheria zake za ulinzi wa data, humpa mtu haki ya kutaka kumbukumbu isiyo sahihi irekebishwe, na kwa kawaida taasisi inatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zote zinagusa haki hiyo ya kurekebishiwa.

Kwa anayeishi ugenini, liko funzo la matumizi. Ofisi hazipashani habari kama inavyodhaniwa. Anwani iliyobadilishwa kliniki haifiki yenyewe kwenye akaunti ya uhamiaji, benki wala kwa mwajiri. Kila hazina inahitaji kiraka chake. Baada ya kurekebishiwa jambo moja, inafaa mtu aombe kuonyeshwa kumbukumbu nzima, si sehemu iliyobadilishwa tu: jina lote kwa mpangilio wake, simu zote, tarehe ya kuzaliwa na jina la jamaa wa kuarifiwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wataalamu wa kumbukumbu wangeongeza kwamba anayeziba ufa aangalie pia asibomoe sehemu ya ukuta iliyokuwa imara.